Jembe la Asiyefika

Vudee,
S.L.P. 118,
Same.
9 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Careen,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hujambo huko Ujerumani? Na kichanga je, ananyonya vizuri? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao umeanza kunigomea.

Umeandika kwamba hutampa mwanao jina la babu yangu Zephania. Umesoma daftari lake la mafundisho ukakuta amri hii: asiyefika na jembe kusafisha ndiva, bwawa letu la kumwagilia, asipate maji. Hata mgonjwa? Daftari halisemi. Basi wewe, msomi wa falsafa, umehitimisha kuwa mzee alikuwa katili.

Mimi naona daftari ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko kwa waliolifuata. Hapa, siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, jirani hupita kwa mgonjwa akabeba jembe lake. Jembe likifika ndivani, mwenyewe huhesabiwa kuwa amefika, na wenzake humalizia sehemu yake. Wanasema ndivyo Zephania alivyowazoesha.

Najua utakalojibu: wajukuu wamemvika mzee wema wao wenyewe. Nami niliwaza hivyo, maana sisi Wapare kesi haituishii mdomoni. Nikateremka hadi kijiji cha Kisiwani kwa Mzee Loth. Baba yake aligombana na Zephania akahama mlima, na ukoo ule haujamsamehe mpaka leo. Lakini hata kwenye mfereji wao hubeba jembe la mgonjwa. Nikamuuliza desturi hiyo waliitoa wapi.

"Kwa huyo huyo babu yako," akasema, uso kaukunja. "Mkali yule, hapendeki. Ila mama aliponizaa mimi, jembe lake alilibeba yeye. Na yeye na baba walikuwa wameshagombana."

Asiyempenda mtu hana sababu ya kumpamba. Nadhani babu hakuliandika jambo hilo kwa kuwa kila mtu alikuwa akiliona. Yote aliyokusudia siyajui, na jina ni lako kutoa.

Jumamosi mgongo ulinilaza. Nilipojikongoja hadi mlangoni, jembe langu halikuwepo. Lilikuwa limebebwa na Sifael, jirani ambaye hatujasalimiana tangu Pasaka. Jioni maji yakafika kwenye maharage yangu. Nililia kidogo, nakiri. Jumapili nilikwenda kumsalimu.

Shangazi zako Honorata na Fortunata wanakusalimu sana. Mungu amkuze mtoto, kwa jina lolote utakalompa.

Baba yako mdogo akupendaye hata ukibisha,
Elirehema