Jina Lisilotamkika Lafunga Kompyuta ya Mradi

Mpendwa Mama Rozalia,

Naomba unisaidie kabla sijafukuzwa kazi, maana mimi ni karani wa mradi wa mifugo hapa Karatu, nina chumba changu chenye kibao cha jina langu mlangoni, nimeolewa na Mmasai wa Loliondo, na mwaka jana, 1988, tuliletewa kompyuta, fundi wa Arusha akaniambia nichague neno la siri la kuifungulia, neno ambalo sitamtajia mtu hata kwa bahati mbaya, nami nikachagua jina la baba mkwe, kwa sababu kwetu mke halitamki jina la baba wa mumewe hata akikanyagwa na ng'ombe, nikajiona nina akili kuliko wote.

Juma lililopita fundi yule yule akaja, akaiwekea mfumo mpya, akausifu sana, akamaliza chai yetu, akaondoka. Kesho yake nawasha jenereta, naandika neno langu, mashine inanikatalia. Narudia, inanikatalia. Na humo ndani ndimo ilimo orodha ya ng'ombe wote wa chanjo, kuanzia Digodigo hadi Ngorongoro, na chanjo inafika mwisho wa mwezi ujao!

Mkuu wangu, Bwana Boazi, akampigia fundi kwa simu ya upepo. Fundi akajibu, "Mfumo mpya haumjui huyo mama. Anitajie neno lake la zamani, nilitie kwenye diski niitume na basi. Ova!"

Mama, simu ile inasikilizwa na kambi zote, na benchini alikuwa ameketi baba mkwe mwenyewe, mwenyekiti wa wafugaji, amekuja kuulizia chanjo. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Taja tu, binti yangu, sisi hatutamwambia mtu."

Nikasema nimelisahau. Sasa Bwana Boazi anasema karani msahaulifu hamfai, chanjo ikifika kabla mashine haijafunguka, nifungashe. Nifanyeje?

(Jina tumelihifadhi)

Bi. Karani,

Nimecheka mpaka miwani ikaanguka, lakini pole, nakuhurumia kweli. Kumheshimu mkwe wako hujakosea. Ulipokosea ni kusema umesahau! Umejipaka uzembe usio wako, na aliyebadilisha mfumo bila kuingiza majina ya wenyewe yuko Arusha anakunywa chai ya watu wengine. Isitoshe, anataka siri ya ofisi itajwe hewani. Fundi gani huyo?

Nimeuliza wataalamu. Neno la zamani halihitajiki hata kidogo. Atie kwenye diski neno lolote, hata "maziwa", nawe ukishafungua ulibadilishe mwenyewe. Leo hii ingia kwa Bwana Boazi, funga mlango, mweleze yote. Kama amekaa na wafugaji atakuelewa kabla hujamaliza. Na fundi akija tena, asiguse birika kabla hujaifungua kompyuta kwa mkono wako.

Neno jipya lisiwe jina la mtu. Umeandika barua nzima bila kulitaja jina la mzee, hongera. Kisha chini ukatia sahihi jina lako la ndoa, ambalo linaishia na jina la baba wa mume wako, kama la wake wengi wa maofisini. Nimelikata lisichapwe gazetini. Ila la kwenye kibao sina uwezo nalo, mwanangu. Neno ulilomficha fundi, Karatu nzima imekuwa ikilisoma mlangoni kwako.