Jumamosi Jumuiya Inasali Kwangu

Jumamosi, 28 Februari 2026

Jumuiya leo ilikuwa kwa Mama Grace. Baridi! Mlima umejifunika wote, viti vimelowa umande. Somo la Kwaresima — nilikuwa na njaa, nilikuwa uchi, nilikuwa kifungoni. Mwenyekiti wetu Kalisti akalisoma kwa ile sauti yake nzuri. Kisha kama kawaida, kila mtu arudie kwa sauti neno lililomgusa. Mimi nawaza ng'ombe wangu, sijampa majani. Zamu ikanifikia ghafla, nikaropoka la kwanza lililokuja mdomoni: "Nilikuwa mgeni, mkanikaribisha."

Kalisti akafurahi! Akasema Mama Evelyn, neno hilo limekuchagua wewe, basi ndilo liwe tendo lako la wiki. Wakapiga makofi. Mgeni gani sasa? Nani atapanda huku juu Kibosho na matope haya? Evelyn mwenyewe, mtoto wangu wa kumzaa, yuko Dodoma na wagonjwa wake, haji mpaka Pasaka.

Avelina, mke wa Kalisti, hakuja. Eti malaria tena. Malaria ya mwanamke yule haiishi.

Jumamosi ijayo ni zamu ya kwangu. Nifue kitambaa cheupe cha meza. Mshumaa ninao.

Jumatatu, 2 Machi

Nimeshona sketi za shule. Mvua. Mgeni hakuna. Nimefurahi, Mungu anisamehe.

Jumanne, 3 Machi

Yesu na Maria!

Mwandiko wangu mwenyewe siutambui. Alfajiri nimetoka kukata majani ya ng'ombe, nasikia kitu kinahema kwenye migomba. Nikadhani mbwa. Ni Avelina! Peku, kanga moja, damu imemkaukia sikioni, mkono wa kushoto umevimba hauinuki. Nikamuuliza nani amekufanya hivi. Swali la kijinga. Jibu nililijua kabla sijamaliza kuuliza.

Anasema Kalisti amemwambia safari ijayo watu wataokota maiti yake korongoni. Nikasema labda pombe. Akasema hakuwa amekunywa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mara ya kwanza alikimbilia kwa wazee wa ukoo. Wakamsikiliza, wakamrudisha kwa mumewe na maneno matamu. Nikamwambia basi twende polisi mjini. Akaning'ang'ania gauni! Hataki kupita njia panda, vijana wa bodaboda pale wote ni watu wa Kalisti, watampigia simu kabla hatujafika lami. Anamtaka kaka yake tu, Stanley, yule anayeuza mahindi soko la Kwa Sadala. Nimempigia Stanley, yuko Kiteto na lori. Anarudi Jumamosi.

Jumamosi! Jumamosi jumuiya inasali kwangu. Na kiongozi wa sala ni nani? Ni Kalisti huyo huyo.

Nimemficha stoo, nyuma ya magunia ya kahawa. Mungu wangu, pale mimi niliropoka tu!

Jumatano, 4 Machi

Amekuja.

Nilikuwa kwenye cherehani. "Tumsifu Yesu Kristo, Mama Evelyn. Shikamoo." Marahaba yangu ilitoka kama sauti ya kuku aliyekabwa. Mpole, kofia mkononi. Ameniletea mkungu wa ndizi. Huyu ndiye aliyebeba jeneza la mume wangu kwenye utelezi ule, begani, akakataa kupokewa. Ningesimuliwa na mtu ningebisha mpaka kesho.

Akasema mkewe ametoka nyumbani, akili yake siku hizi haiko sawa, je, nimemwona? Nikasema sijamwona. Nilimtazama usoni nikasema hivyo! Halafu macho yake yakaenda mezani. Vikombe viwili.

"Una mgeni, mama?"

Nikasema kimoja cha maziwa, kimoja cha chai. Uongo wa kitoto! Akacheka kidogo. Haya, tutaonana Jumamosi, Mungu akipenda.

Ameondoka. Na nimedanganya, katikati ya Kwaresima. Nitubu? Nikitubu kwa kweli si lazima niache? Sijui. Mkungu wake uko pale mlangoni, siugusi.

Alhamisi, 5 Machi

Avelina anakohoa. Kila akikohoa nakanyaga cherehani kwa nguvu, hata kitambaa sijaweka. Majirani watasema mwaka huu Mama Evelyn amepata wateja.

Usingizi hakuna.

Ijumaa, 6 Machi

Nimekwenda Njia ya Msalaba. Nisingekwenda wangeuliza. Nilipanga baadaye nimwone Padre, nimwage yote. Nimefika mlangoni kwake — anatoka Kalisti, macho mekundu, Padre amemshika bega anamfariji. Nikageuka. Nimejidharau njia nzima.

Njiani Mama Grace akanifuata. Mwanamke huyu na mdomo wake! Ukimpa siri asubuhi, mchana imefika Soweto kule mjini. Eti mbona dukani umechukua dawa za maumivu, unaumwa wapi? Nikasema mgongo. Akanitazama. Akanyamaza. Mama Grace akinyamaza, ogopa.

Nimemwambia Avelina niahirishe kesho, niseme naumwa. Akasema ukiahirisha atajua. Kweli.

Nimesali. Bwana, lichukue tendo lako, mpe mwenye moyo. Mimi mwoga, unanijua, hata batamzinga wa jirani nazunguka nisipite karibu naye. Niliona kama naongea na ukuta.

Stanley ametuma ujumbe jioni. Yuko Arusha. Atafika kwangu kesho mchana. Tumelia wote wawili. Nimemtoa stoo nikamweka chumbani kwangu, maana stoo watu wataingia kuchukua viti. Chumbani kuna pazia tu, lakini chumba cha mjane nani ataingia?

Jumamosi, 7 Machi

Naandika kitandani. Wenzangu bado wako sebuleni. Nikiiacha kalamu nitapiga ukelele.

Walikuja wote. Kalisti akakisukuma pembeni kijitabu cha Kwaresima, akasema leo Roho amempa somo jingine. Ndiyo yenu iwe ndiyo, siyo yenu iwe siyo. Akalisoma polepole huku ananitazama mimi. Vile vikombe! Hakuvisahau.

Akafunga Biblia. Akasema ndugu zangu, mke wangu amefichwa na mtu wa jumuiya hii. Leo kila mmoja akirudia neno lake, aseme mbele ya mshumaa huu kama amemwona. Ndiyo au siyo.

Wakaanza. Siyo. Siyo. Mama Grace, siyo. Mimi mwenye nyumba nikawa wa mwisho. Niseme siyo, namdanganya Mungu kwenye meza niliyoitandika mwenyewe. Niseme ndiyo, namtoa Avelina akafe. Nyuma ya pazia kimya. Najua alikuwa anasikia.

Nikafungua mdomo, likatoka lile lile. "Nilikuwa mgeni, mkanikaribisha."

"Hilo ni la Jumamosi iliyopita, Mama Evelyn."

"Ndiyo, Mwenyekiti. Tendo ulinipa mwenyewe. Bado nalifanya."

Ee Mungu, nimesema nini! Nilitamani niyarudishe mdomoni. Nje maji yanadondoka kwenye pipa. Kalisti akasimama. Sura ile sijawahi kuiona kanisani. Akapiga hatua kuelekea kwenye pazia.

Mama Grace akawahi. Na kiti chake! Akakitua mbele ya pazia, akakaa, akakunjua kanga yake. Akasema jamani, ule mkungu wa ndizi pale mlangoni unaiva bure, tuumenye tupike mtori, leo hakuna kurudi nyumbani na njaa. Mama Evelyn, visu viko wapi? Nikamwonyesha jikoni. Akina mama wakasogeza viti, mmoja, mwingine, mpaka pakazibika. Wanaume wakatazama viatu vyao. Kalisti alisimama, akasimama. Halafu akatoka nje na simu sikioni. Mama Grace akaagiza komeo lishushwe, akanisogezea kiti kidogo nikapita huku chumbani kwa Avelina.

Kumbe alijua! Tangu zile dawa. Amejua na hajamwambia mtu — Mama Grace!

Namsikia Kalisti kibarazani anaita watu. Stanley nampigia, hapatikani. Mvua imeanza tena, barabara hii ikilowa lori halipandi.

Avelina ameinuka. Nimemshika, ameutoa mkono wangu taratibu. Amelisogeza pazia. Amepita.

Sioni, nasikia tu. Mama Grace anasema: "Sogeeni basi, mgeni akae." Hakuna aliyeuliza kitu. Visu vinaendelea kwenye ndizi.

Pikipiki. Mbili. Tatu? Zimezimwa hapo nje.

Hodi. Ni yeye. "Mama Evelyn, ibada imekwisha. Nifungulieni."

Anayejibu ni Mama Grace, kwa ule mdomo wake wa kufika Soweto:

"Bado, Mwenyekiti. Tuko kwenye tendo."

Anagonga tena.