Baba Alilazwa, Hakulazwa

Ofisi ya Madai ya Bima,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani huko uliko? Shemeji na wanangu hawajambo? Na kifua chako, kimepona au bado unakohoa kama trekta? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu, ila leo usitarajie barua ya kuchekesha.

Nilikwambia kwenye simu kwamba Baba aliteleza bafuni akateguka bega, wakamtibu idara ya dharura ya hospitali hii ninayofanyia kazi, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Sikukwambia yaliyofuata.

Pale dharura walimpa dawa ya usingizi ili asisikie maumivu. Daktari akarudisha bega, na nesi akasimama kando kwa kazi moja tu, kuangalia pumzi za Baba. Sisi wa madai kila tiba tunaiandikia namba yake ya malipo. Bega lina yake, usingizi una yake, na asipokuwepo mtu wa kuangalia pumzi, usingizi haulipwi. Safari hii alikuwepo. Mambo yalikuwa sawa kabisa, ila daktari akaandika: "Mgonjwa alilazwa, bega likarudishwa."

Yeye alimaanisha alipewa usingizi. Faili likamwangukia karani mwenzangu mpya, tunayemwita Kasuku kwa sababu hulirudia neno vile vile alivyolikuta. Kasuku akasoma "alilazwa", akaweka namba ya kulazwa wodini. Meza yake iko ubavuni mwangu. Sikuchungulia, maana mafaili ya ndugu haturuhusiwi kuyagusa.

Watu wa bima wakatafuta wodi, wakatafuta kitanda, wapi! Wakaifunga kadi ya Baba, kisha wakampigia simu: "Mzee, hiyo siku unayodai ulilazwa, ulilala wapi?" Baba yetu, aliyeshika funguo za ghala maisha yake yote usipotee hata msumari, anaulizwa kama anakula njama na wezi. Kweli mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Kasuku amelia, daktari ameandika upya, na kadi imefunguliwa. Nikadhani yamekwisha. Juzi bega likateguka tena, na Baba amekataa katakata kurudi hospitali. Anasema hatakubali kupewa usingizi mbele ya watu watakaomwita mwizi akiwa hajitambui. Daktari ameniambia bega likikaa hivyo, huenda mkono usifanye kazi tena. Nimebembeleza, nimegomba, ni kumpigia mbuzi gitaa. Naogopa, mdogo wangu.

Mimi kwake sasa ni mmoja wa "hao". Wewe kitindamimba wake bado anakusikiliza. Mpigie leo hii, tena usimtaje Kasuku.

Shangazi anakusalimu, na mjomba fundi saa anauliza utarudi lini. Wabusu watoto.

Nilitaka kufungia barua hapa, lakini acha nikwambie. Asubuhi nimemkuta Baba anahangaika kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Nikasogea nimsaidie. Akarudi nyuma, akaniuliza, "Na hili utaliandikia namba gani?"

Mungu akulinde, na ailainishe sauti yako utakapozungumza naye.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponuna.