Samaki Aliyekataa Kufa

Jumatatu, 27 Aprili 1964

Barua imefika kutoka Bukavu! Mashindano ya wachoraji chipukizi! Kila mji ufanye maonyesho yake, na mshindi aende Bukavu na picha yake itundikwe kwenye maonyesho makubwa. Halafu atabaki huko miezi sita kwa mchoraji wa kweli, ajifunze. Mimi Sidonie, mshona mashati wa Mulongwe, ninayechora nyuma ya karatasi za mitindo, nitakwenda. Nimeshaamua. Bado kuwaambia juri, waamuzi wa mji wetu, tu.

Mada ni maneno mawili ya Kifaransa: nature morte. Mwalimu Cyprien, ambaye ni mkuu wa juri kwa sababu ndiye mwenye tai, alitutafsiria. Nature ni viumbe, morte ni kufa. Basi tuchore viumbe vilivyokufa. Tulitazamana. Lakini wakubwa wa Bukavu wana mambo yao.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimenunua mukeke mmoja, samaki wa ziwa letu, bandarini Kalundu. Anang'aa! Nimemlaza kwenye sahani ya bluu, nikamkataza kila mtu asimguse. Kaka Basile anauliza tutamla lini. Nikamwambia huyu yuko kazini.

Jumapili, 3 Mei

Mukeke ananuka mpaka majirani wanauliza kama tumefiwa. Leo nimemaliza jicho. Lile jicho! Nililikumbuka la siku ya kwanza, nikalifanyia kazi tangu misa hadi chakula cha mchana, mwishoni tone dogo la rangi nyeupe. Basile alipita, akasimama, akarudi.

"Sidonie, ile samaki yako iko inaniangalia."

Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Ijumaa, 8 Mei

Nimekataliwa!

Juri ilikaa katika ukumbi wa parokia. Mbuzi aliyechorwa na Libérat kwenye ubao, miguu juu — kapita. Picha ya Antoine, fundi wa baiskeli — kapita pia! Na Antoine amemchora mama mkwe wake, Mama Ernestine, akisinzia kwenye mkeka. Mama Ernestine yu hai, jana tu nilimsikia akigomba. Lakini pale kafumba macho, basi juri ikasema amekufa vizuri.

Ikafika zamu ya mukeke wangu. Mwalimu Cyprien akamsogelea, akarudi nyuma, akavua miwani.

"Sidonie, hii samaki haiko mufu. Iko inapumua."

Nikasema, Mwalimu, njoo nyumbani umnuse! Akasema juri hainusi, juri inaangalia.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wangu amekosa safari kwa kutooza! Wamemtundika karibu na mlango, nje ya mashindano. Nililia. Hapa hakuna anayesoma, basi niandike ukweli: nililia mpaka pua ikavimba.

Jumatatu, 11 Mei

Maonyesho yamefunguliwa. Watu kumi na mmoja, watatu kati yao walikuja kukimbia jua. Mama Ernestine alikuja pia, akajiona ukutani.

"Antoine. Minye niko mufu?"

"Hapana, mama, uko unapumzika."

"Basi juu ya nini bameandika hapa mufu?"

Antoine kaondoka na baiskeli ya mteja.

Kisha Masera Agnès, mtawa wa misheni, akazunguka ukumbi mzima na kukaa chini kwa kicheko. Kumbe nature morte ni vitu tu vilivyotulia mezani! Chungu, ndizi, maua, hata kofia. Hakuna aliyehitaji kufa! Mwalimu Cyprien akakohoa. "Juri haiko inarudia nyuma." Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Nilimpelekea Mwalimu karatasi na kalamu aandike neno moja tu juu ya mukeke wangu, amekufa. Akakataa. Kesho nitarudi na karatasi ileile.

Alhamisi, 14 Mei

Watu wa Luberizi, kaskazini mwetu, wanapita na magodoro kichwani. Wanasema waasi wako njiani. Uhuru una miaka minne, na hawa eti wanatuletea wa pili. Nilimuuliza Mwalimu Cyprien kama gari la kumpeleka mshindi Bukavu litaondoka. Akaniuliza kama nina akili. Ninayo, ndiyo maana ninauliza.

Jumamosi, 16 Mei

Wameingia. Wamefunga majani kichwani, wanachukua vijana nyumba kwa nyumba. Asubuhi walifika kwetu. Basile akaruka nje kwa dirisha, akakimbilia ukumbi wa parokia. Nami nikamfuata, sijui kwa nini, mkasi mkononi.

Na waliomkimbiza wakasimama mlangoni! Dawa yao ya kuzuia risasi ina miiko: wasiguswe na mwanamke, wasitazame maiti. Waliona miguu ya mbuzi tu, wakageuza shingo. Mmoja akasema picha si maiti. Mwenzake akamjibu: "Basi ingia weye kwanza." Hakuna aliyeingia.

Jumapili, 17 Mei

Tuko zaidi ya sitini tuliojificha humu ukumbini. Hatimaye maonyesho yetu yamepata watu! Basile na vijana wenzake wamejibanza nyuma ya ubao wa mbuzi. Mama Ernestine amejilaza chini ya picha yake na kumsamehe Antoine. Anasema siku hizi ni heri kuwa mufu.

Ninacheka, na mkasi sijauweka chini tangu jana.

Jumanne, 19 Mei, mchana

Mkubwa wa waasi amekuja mwenyewe. Amesimama mlangoni, anamtazama mukeke wangu. Muda mrefu, kichwa upande, mdomo wazi kidogo. Hakuna aliyewahi kutazama kazi yangu hivyo.

"Batu bangu banasema humu muko bafu tu. Na hii? Iko muzima! Nani alichora hii?"

"Minye, bwana mukubwa."

"Basi sema weye mwenyewe. Iko muzima ao ilikufa?"

Nikisema mzima, ataingia, na Basile yuko hatua kumi nyuma yangu. Nikisema amekufa, basi ametazama maiti, dawa yake imeharibika kwa mkono wangu, na bunduki anayo.

Nikasema hilo si langu, liko kwa juri. Si ndivyo ilivyo? Akasema nenda ukaulize, ninangoja.

Mwalimu Cyprien alikuwa chini ya meza. Nikampa karatasi na kalamu, zilezile. Akaniangalia, akaangalia kule walikojificha vijana. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: *Mukeke wa Sidonie amekufa. Anakubaliwa katika mashindano. Nafasi ya kwanza.* Akapiga na muhuri!

Nafasi ya kwanza! Siku nane nimeililia karatasi hii. Sasa ninayo, na bado nimeketi chini. Nimejiambia ninaandika hapa tu wakati wino unakauka.

Umekauka, na sasa ni lazima nimpelekee. Kule mlangoni bado anamtazama mukeke wangu, na anatabasamu.