Mwasho wa Takyiwaa

Asuano, Mto Pru
3 Machi

Kaka Donkor, Takyiwaa anaolewa! Tena waliomkataa ndio wanaombembeleza!

Haya, sasa nikusalimie. Mpendwa kaka, habari za Takoradi? Kifua kimepona? Wifi hajambo? Huku tu wazima, na viazi vikuu vimejaa ghalani.

Mwezi uliopita Kwaku Dwomoh na mama yake, Serwaa muuza samaki, walikuja kuposa. Mwanangu katoka na maji ya wageni, anang'aa, nywele nimemsuka mwenyewe. Mara mguu ukamwasha! Kuukuna kwa mguu wa pili, maji yote yakamwagikia Serwaa mapajani. Akanyanyua chupa zake za mvinyo wa posa aende nazo: "Mwenye upele hatumtaki! Mimi nimezeekea kando ya mto huu, nani kaniona najikuna?" Takyiwaa alilia hadi akagoma kula. Anampenda yule kijana.

Juzi wakaja watu wa dawa ya upofu wa mtoni, ule wa minyoo wanaoletwa na nzi wa mto. Wananyofoa kijipande cha ngozi, wanakitazama kwenye hadubini. Serwaa akajipanga mbele ili tumwone. Daktari akasema, "Mama, umejaa minyoo! Mwili wako umewazoea, haupigani nao, ndiyo maana huwashwi." Wa Takyiwaa? Wachache mno! Mwili wake unawapiga vita, na vita hiyo ndiyo mwasho. Daktari alisema pia vita ikizidi huharibu ngozi, kwa hiyo naye ameze dawa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga vigelegele.

Serwaa naye akameza. Kesho yake minyoo wanamfia ndani, mwili ndio unaamka! Kavimba uso, anajisugua mgongo kwenye mlango wangu kama mbuzi. "Mama Takyiwaa, nikune, nakufa!"

"Kamwombe mwenye upele."

Lakini yule mtoto ana moyo, kaka. Alimkanda kwa maji baridi mpaka akasinzia. Alipoamka alimshika mkono: "Nisamehe, mwanangu. Kwaku hali, halali."

Nikamwambia, "Basi chupa zirudi, na safari hii ubishe hodi kwa adabu."

Nawe uliyejikuna utotoni hadi Mama akakufunga mikono, haukuwa uchafu. Ni damu yetu, haikubali wageni!

Bila mjomba hakuna wa kupokea chupa, kwa hiyo usiniletee habari za kazi. Nisalimie wifi na wanao, Nyarkoa na pacha wake. Mungu awafunike nyote.

Dada yako akupendaye, mama wa bibi harusi,
Afua Pokuaa

Harusi ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Njooni wote.