Antena Iliyompa Mgeni Rasmi Mgongo

Dada yangu Nafula,

Pokea salamu za Eldoret, mji uliotulea kabla hatujahamishwa, ambao sasa nimeurudia. Baridi yake bado inayajua masikio yangu. Leo akina mama wa huku mtaani Kapsoya walikuwa wafunguliwe mradi wa maji na mgeni rasmi, na mitungi ilipangwa tangu asubuhi. Tangi la kilimani likiwa tupu hutuma habari kwa redio. Antena iliyo juu ya nyumba ya pampu, ikielekezwa tangini sawasawa, huipokea na pampu ikawaka. Lakini mwenyekiti wa mradi aliona antena imempa mgeni rasmi mgongo, akamfokea fundi wa pampu.

"Fundi, hayo ni madharau. Igeuze!"

"Mzee, tangi liko kule."

"Kwani tangi ndilo litahutubia?"

Ikageuzwa. Mgeni alipofungua bomba, lilitoa upepo. Akina mama wakaanza kugonga mitungi. Mwenyekiti, badala ya kukubali kosa, aliamuru hema, viti na mgeni mwenyewe wahamie upande wa tangi, ndipo antena ikageuzwa tena kwa heshima zote. Maji yakaja.

Nilikunywa kikombe kimoja kwa niaba yako. Mungu akutunze, na jioni ukikaa nje, geuza kiti chako kidogo upande huu.

Kaka yako,
Wafula