Joto la Oili, Barabara ya Magu

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Leo nimekabidhiwa pikipiki ya Elias. Nimesaini. Bwana Luhaga, mkuu wa ofisi yetu, akajifanya anatafuta muhuri.

Wamebadilisha pistoni na silinda, wamenyoosha usukani, wamepaka tangi rangi mpya. Inang'aa. Chini ya rangi kuna mikwaruzo ya lami ya Nyanguge, mimi najua.

Siku arobaini na tano leo tangu afariki. Elias Ojuok, aliyenifundisha kuendesha, aliyekuwa anacheka kila nikizima injini kwenye kilima. Injini ilijam akiwa kwenye mwendo, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, akatupwa chini ya lori la pamba. Ripoti ya ofisi: mwendo kasi, uzembe, huenda na pombe. Pombe! Elias mzee wa kanisa. Hata togwa iliyolala alikuwa hainywi.

Surua imeingia vijiji vya Magu. Chanjo ziko kwenye friji hapa mjini, na katika mradi mzima wa chanjo hakuna mwingine anayejua kuendesha. Kwa hiyo ni mimi.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeisukuma mpaka kwa Shimba, fundi wa Igoma. Nimeisukuma kwa miguu! Watu walinicheka. Nikamwambia: sipandi kitu hiki mpaka nijue kilichomuua mwenzangu.

Shimba si mtu wa maneno. Aliizunguka, akachuchumaa. Halafu akanieleza: injini hii haina maji ya kuipoza kama ya gari. Inapozwa na upepo na oili, basi. Upepo unausikia usoni. Oili huioni.

Akafukua kopo la spea, akatoa geji ndogo ya duara, ya kupima joto la oili. Aliing'oa kwenye pikipiki mbovu ya padri mmoja. Inakaa pale pa kifuniko cha oili, mkia umezama ndani, uso unatazama juu. Mshale mmoja na namba.

"Mpaka mia na ishirini, nenda. Mia na thelathini, punguza. Mia na arobaini, simama, sista. Hata kama mkuu wa wilaya anakungoja."

Halafu: vidole viwili viwe juu ya klachi muda wote. Injini ikianza kukaza, vuta. Usifikiri, vuta.

Ameniambia niandike kila kituo. Nitaandika humu humu. Daftari hili halina msomaji.

Alhamisi, 4 Septemba

Magu kwenda na kurudi. Igoma 96. Kisesa 112. Nyanguge 134 — nikazima, nikangoja dakika ishirini kivulini, boksi la barafu juu ya magoti. Karibu na Magu, 139.

Sikuzidisha mwendo wa hamsini hata mara moja. Jua kali, lakini hili ndilo jua letu la kila mwaka.

Watoto sitini na mmoja. Mama mmoja alifika na wa kwake amefungwa mgongoni, kumbe alikuwa ameshakufa njiani. Alikuwa bado anamrushisharusha ili anyamaze. Nikamfungua mimi.

Jumamosi, 6 Septemba

Shimba amesafisha mapezi ya injini, yale makunjo ya chuma ya kupozea, kwa brashi ya waya. Matope ya mvua zilizopita yalikuwa yameganda, upepo ulikuwa haupiti. Nikafurahi! Nikasema ndiyo hayo.

Machibya alirudi na sato wawili wakubwa. Mume wangu ana mkono wa kuleta siku hizi. Mwaka juzi tulikuwa tunapanga foleni ya mapanki Kirumba, tunagombania vichwa na mifupa iliyobaki kiwandani. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba baada ya miaka kumi na minne, alikuwa anakaa mlangoni mchana kutwa na kuhesabu malori ya wanunuzi binafsi. Nilimwogopea. Sasa ana duka la oili Igoma, na ofisi yetu ni mteja wake. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Bwana Luhaga, mwezi wa pili.

Aliniuliza habari za geji. Nikamwambia namba. Akatafuna kwanza. Akasema geji za zamani hudanganya.

Jumatano, 10 Septemba

Kisesa 110. Nyanguge 133. Kabla ya Magu, 140. Nikasimama porini kabisa, nikakaa kwenye jiwe. Mapezi masafi. Kwa hiyo siyo mapezi.

Barafu iliyeyuka. Dozi zote za surua nimezimwaga. Wamama walikuwa wameshapanga mstari.

Jumatatu, 15 Septemba

Shimba alikagua kabureta, plagi, vali. Vyote vizuri. Geji aliitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka: karibu mia, kama inavyotakiwa. Haidanganyi.

Ndipo akafungua chini, akamwaga oili. Akaisugua kwa vidole, akainusa, akanipa mimi ninuse. Mafuta ya taa. Kwa mbali, lakini yapo. Inateleza kama maji, haishiki kidole.

"Hii imeshatembea kwenye injini nyingine, sista. Mtu kaichuja, kaitengeneza rangi, kairudisha koponi."

Akaweka oili kutoka kopo lililofungwa kiwandani, la kwake. Nikaenda Nyanguge na kurudi, saa tano na nusu, jua lile lile. 104! Niliiangalia mara tatu. 104.

Niliporudi akauliza: "Oili ya ofisini mnainunua kwa nani?"

Nikasema sijui.

Shimba aliniangalia, akarudi kwenye kazi yake. Duka la Machibya na gereji ya Shimba vimetenganishwa na barabara tu.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimefanya jambo la kijinga au la lazima. Nilichukua kopo jipya stoo, nikamwambia Shimba arudishe oili ya ofisi. Hakutaka. Nikasema sibebi chanjo, sibebi mtu, nataka kuwa na hakika. Mgonjwa hahukumiwi kwa kipimo kimoja.

Kisesa 115. Baada ya Nyanguge 141. Sikusimama. Mwendo hamsini. 144. 146. Nilikuwa nainama kuangalia, nainuka kuangalia barabara, nainama. 148 — na nikaisikia. Injini ilivuta pumzi ndani. Kama mtu anayekushika koti kwa nyuma. Vidole vilivuta klachi kabla sijajua. Pikipiki ikateleza kimya, kimya kabisa, mpaka pembeni.

Nilikaa kwenye majani. Ng'ombe wa mtu walinipita. Nikasema kwa sauti: Elias, hukukosa.

Yeye hakuwa na geji.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya misa sikwenda nyumbani. Nimekwenda Igoma, nyuma ya duka, kwenye banda ambalo Machibya husema lina panya na vyuma. Mlango ulikuwa wazi.

Mapipa mawili ya oili nyeusi kutoka gereji za malori. Sufuria kubwa juu ya mafiga. Ndoo iliyotobolewa, ndani mchanga, juu ya mchanga pamba. Pamba safi, nyeupe, daraja la kwanza. Makopo yamepangwa ukutani, yameoshwa vizuri, yana majina ya kampuni.

Alikuwa amekunja mikono ya shati. Hakuruka wala hakukana.

Nikauliza kama alijua. Akasema malori yanatembea nayo mpaka Musoma na kurudi, hakuna aliyelalamika.

"Pikipiki siyo lori."

"Mama Favour, kila mtu sasa anauza alichonacho. Kinu wamekifunga, mashine zimebebwa kama vyuma chakavu. Nani aliuliza Machibya atakula nini? Nani?"

"Elias alikula nini?"

"Alikuwa anakimbiza! Imeandikwa!"

Nikafungua daftari hili — mara ya kwanza mtu mwingine kuliona — nikamsomea. Namba tu. Igoma, Kisesa, Nyanguge. Na oili ya Shimba, na oili yake, na mwendo.

Nilipofika 148 akainua mkono nisiendelee. Miaka kumi na minne huyu mtu alikuwa akigusa mashine za kuchambua pamba kwa mgongo wa kiganja, akisema hii itadumu, hii itakufa kesho. Hakuhitaji kuelezwa.

Akakaa juu ya pipa.

"Alikuwa amebeba mzigo?" akauliza.

"Boksi la chanjo. Na mzani wa watoto."

Moto ulikuwa unazimika chini ya sufuria, sote wawili tukautazama.

Jumanne, 23 Septemba

Nyumbani hakuna maneno. Sahani zinaongea. Favour ameniuliza kama baba anaumwa.

Nami je? Sato nimekula. Sare ya shule ya Favour, bati za jikoni. Nguo za Machibya nilikuwa nafua, harufu ile nilikuwa naisikia, nikasema ni harufu ya kazi. Nilishukuru Mungu kwa harufu ile! Na barua ya kumtambulisha kwa Luhaga niliiandika kwa mwandiko wangu.

Jioni, kabla jua halijazama, nilipita kwa Agutu, mke wa Elias. Ofisi inaitaka nyumba mwisho wa mwezi. Alikuwa anafunga vyombo kwenye kanga. Hakulia. Akaniuliza jambo moja, kwa Kiswahili chake cha taratibu:

"Dada Gladness, wewe ulisafiri naye. Shemeji zangu kule Shirati wanasema walizika mlevi. Mwanangu mkubwa amepigana shuleni kwa ajili hiyo. Niambie tu. Alikuwa anakunywa?"

Nikasema hapana. Nikasema alikuwa anaendesha taratibu kuliko mimi.

"Basi ni nini kilichomuua?"

Nikamwambia nitamjibu. Nitamjibu mbele ya watu. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu.

Ijumaa, 26 Septemba

Bwana Luhaga: ripoti imefungwa. Nikasema nina vipimo, nataka kikao. Akasema sista, wewe ni nesi, siyo fundi. Nikasema fundi yupo, Shimba atakuja. Akafunga mlango, akauliza polepole kama najua oili hiyo imetoka kwa nani.

Nikasema najua.

Akasema: unajua, na bado unataka kikao?

Niliitikia kwa kichwa.

Kikao Jumatatu, saa nne. Kaka yake Elias ameitwa kutoka Shirati.

Jumapili, 28 Septemba

Nimemwambia Machibya. Alikuwa ananoa jembe. Nikasema kesho saa nne nitasoma daftari mbele yao, na wakiuliza oili ni ya nani, nitasema. Sitaanza na jina lake. Lakini wakiuliza nitasema.

Akaendelea kunoa. Halafu: "Polisi watakuja?"

"Sijui."

"Favour?"

Hapo nililia. Yeye hakulia. Aliweka jembe chini akaenda kuoga, kwa muda mrefu, nasikia maji tu.

Jumatatu, 29 Septemba

Naandika barazani ofisini. Saa nne na robo. Luhaga yumo ndani na kaka yake Elias, wanazungumza, hatujaitwa.

Machibya aliondoka nyumbani alfajiri bila kuaga. Nilipita Igoma: duka limefungwa, banda limefungwa. Nikajua amekimbia. Nilihisi — niandike ukweli — nafuu.

Shimba amekaa ngazini na kopo la oili katikati ya miguu. Agutu yuko kwenye benchi, amevaa nguo ya msiba iliyopigwa pasi. Tulikuwa tumeshikana mikono.

Dakika kumi zilizopita Machibya aliingia getini. Kwa miguu, vumbi mpaka magotini, shati la kanisani. Hakunitazama. Alisimama mbele yetu kama aliyesahau alichotumwa.

Agutu hamjui yeye ni nani katika haya. Anamjua kama mume wangu tu. Akamwamkia, akasogea, akampisha kwenye benchi. "Karibu shemeji, keti. Asante kwa kumruhusu dada aje kunisimamia. Wanaume wengine wangekataa."

Akakaa. Amekaa kati yetu sisi wawili. Agutu amemmiminia maji kwenye kikombe cha chupa yake, naye amekishika tu, hajanywa.

Mlango umefunguliwa. Luhaga ametoa kichwa. Anasema waanze na mmoja mmoja, nani atatangulia.

Nilitaka kufunga daftari niinuke. Lakini Machibya ameshasimama. Amemrudishia Agutu kikombe kwa mikono miwili, amevua kofia, anamwambia Luhaga aanze na yeye —